Bakuli la Mwajemi na Chungu cha Mwenyeji

Chungu kikivunjika hakifai tena kwa kazi yake, bali kigae chake hakiozi. Mti huliwa na mchwa, nguo huchakaa, chuma hushika kutu, hata kaburi husawazishwa na mvua. Lakini kipande cha udongo uliopata moto hukaa ardhini miaka elfu na zaidi bila kubadilika. Kwa sababu hiyo watafutao habari za kale hupenda kuanza kwa vigae. Katika makala haya nataka kuzungumza juu ya vigae vya namna mbili ambavyo katika pwani yetu huonekana pamoja ndani ya shimo moja: kigae cha bakuli la Uajemi, chenye rangi na kung'aa, na kigae cha chungu cha kupikia, cheusi kwa masizi. Cha kwanza kimesifiwa sana vitabuni. Cha pili kilidharauliwa muda mrefu, na dharau hiyo ilizaa kosa kubwa katika historia ya Afrika ya Mashariki.

Msomaji aliyezaliwa Mwamgongo, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Gombe, ana haki ya kuuliza: Je, haya yanamhusu nini mtu wa bara? Reli itokayo Dar es Salaam hata Kigoma ina urefu wa kilomita 1,250 hivi, na kabla ya reli hiyo kufika ziwani mwaka 1914 safari ya kwenda pwani ilikuwa ya miezi kwa miguu. Jawabu ni kwamba yanamhusu kuliko anavyodhani. Lakini ili jawabu hilo lieleweke, hapana budi kwanza tueleze bakuli lenyewe lilivyopata uzuri wake.

Yafaa tujue tangu mwanzo kwamba ufinyanzi wa nakshi wa Uajemi na jirani zake haukuota peke yake kama uyoga. Katika karne ya 9 wafinyanzi wa Basra, kwenye kichwa cha Ghuba ya Uajemi, waliona vyombo vyeupe vya kaure vilivyoletwa kutoka Uchina, wakavitamani. Udongo wao haukuwa na weupe ule wala ugumu ule, na tanuru zao hazikuwa kali kama za Wachina. Basi wakatafuta hila. Walichukua mpako wa kioo, yaani ule utandu uyeyukao motoni ukawa kama kioo juu ya chombo, wakautia bati. Utandu ukageuka mweupe, ukaufunika udongo wote. Juu ya weupe huo wakachora kwa kobalti, ambayo motoni huwa buluu. Tena wakatwaa njia iliyokuwa ikitumika kabla yao katika kupamba vyombo vya kioo, wakaitumia kwa udongo: walipaka chombo madini ya fedha na shaba, wakakichoma mara ya pili katika moto wenye moshi, nacho kikatoka kinametameta mithili ya dhahabu. Walianza kwa kuiga, wakaishia kwa kuvumbua.

Biashara iliyowapa tamaa hiyo si dhana. Mwaka 1998, karibu na kisiwa cha Belitung katika Indonesia, ilionekana chini ya bahari jahazi iliyozama katika karne ya 9, nayo imesheheni vyombo vya Uchina 60,000 hivi. Bakuli moja lina tarehe ya Kichina iliyo sawa na mwaka 826. Mbao za jahazi hiyo hazikupigwa misumari, bali zilishonwa kwa kamba, kama ilivyoshonwa mitepe ya Lamu. Hiyo ilikuwa jahazi ya bahari yetu, ikirudi na mzigo kutoka Mashariki ya mbali.

Baadaye mafundi wa Uajemi yenyewe waliendelea kwa njia nyingi. Katika Nishapur, mji wa Khurasani, wafinyanzi wa karne ya 9 na 10 walifunika udongo mwekundu kwa udongo mweupe ulioyeyushwa majini, wakaandika juu yake kwa rangi nyeusi maneno ya Kiarabu ya baraka na hekima, kwa herufi ndefu za Kikufi zizungukazo ukingo wa sahani. Pale mwandishi na mfinyanzi walikuwa kitu kimoja. Katika karne ya 11 na 12 wengine walitumia kijiti chenye ncha: walikwaruza ule udongo mweupe hata wekundu wa chini ukaonekana, wakatoa maua na mistari, kisha wakapaka kioo cha kijani au cha manjano juu yake. Vyombo hivi vya kukwaruzwa tutavikuta tena pwani kwetu.

Mji uliopata sifa kuliko yote ni Kashan. Huko mafundi waliuacha udongo wa kawaida, wakatengeneza unga wao wenyewe. Tunajua kanuni yao, kwa kuwa Abu'l-Qasim, mtu wa ukoo wa wafinyanzi wa mji huo, aliiandika mwaka 1301: sehemu kumi za jiwe jeupe lililosagwa, sehemu moja ya kioo kilichosagwa, na sehemu moja ya udongo mweupe. Kwa unga huo walifinyanga vyombo vyembamba, wakavipamba kwa wapanda farasi, wafalme wameketi, watu wakizungumza kando ya maji. Fundi Abu Zayd, aliyefanya kazi mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa ya 13, alikuwa akitia jina lake na mwaka katika kazi zake; nalo si jambo dogo, maana wafinyanzi wengi wa dunia hii wamekufa bila kuacha jina.

Katika karne ya 13 Wamongoli waliishika Uajemi kwa vita na moto. Hata hivyo, utawala wao ulifungua njia pana kati ya Uajemi na Uchina, na katika vigae vya kupambia kuta za majumba yao yakaonekana joka na ndege wa Kichina na ua la yungiyungi. Wakati huo huo kobalti ilichukuliwa kutoka magharibi kupelekwa Uchina. Mojawapo ya machimbo yake yalikuwa Qamsar, karibu na Kashan. Wafinyanzi wa Jingdezhen waliitumia katika karne ya 14 kuchora kaure yao ya buluu na nyeupe, na Wachina wakaiita rangi hiyo kwa jina la Waislamu. Kaure hiyo ikarudi Uajemi, ikapendwa mno, hata Shah Abbas akaweka wakfu vyombo vya Uchina zaidi ya 1,000 katika ziara ya Ardabil mwaka 1611. Na wafinyanzi wa Kirman wakaanza tena kuiiga.

Tuutazame mzunguko huo. Mtu wa Basra amwiga Mchina. Mchina achukua rangi kwa Mwajemi. Mwajemi amwiga Mchina aliyetumia rangi ya Mwajemi. Ni nani hapo mwenye sanaa, na ni nani mwigaji? Hakuna aliyesema kwamba Uchina haina ustaarabu wake kwa sababu buluu yake ilitoka nje, wala kwamba Kashan ni koloni la Uchina kwa sababu ya joka lililochorwa ukutani. Tulishike jambo hili, kwa kuwa tufikapo Afrika kanuni ya wataalamu ilibadilika ghafula.

Vyombo hivyo vilifika kwetu kwa pepo mbili. Kaskazi ililetea majahazi kutoka Ghuba na Arabuni, na kusi ikayarudisha. Bandari kubwa ya upande wa Uajemi ilikuwa Siraf, iliyochimbwa na David Whitehouse kuanzia mwaka 1966 hata 1973; mji huo ulistawi katika karne ya 9 na 10, ukapigwa na tetemeko la ardhi mwaka 977. Katika miji yetu ya kale zaidi, kama Unguja Ukuu, Manda, Shanga na Kilwa, yameonekana mapande ya mitungi mikubwa yenye mpako wa rangi ya feruzi, iliyotengenezwa katika nchi zinazozunguka Ghuba. Katika matabaka ya karne ya 11 na 12 huonekana mabakuli ya kukwaruzwa niliyoyataja. Baadaye huja vyombo vya manjano vyenye michoro myeusi kutoka Yemen, na kaure ya kijani na ya buluu ya Uchina. Vyombo vya fahari vya Kashan havikuwa wengi wa wageni hao. Vilivyofika zaidi ni vyombo vya biashara na vya mezani.

Watu wa pwani waliviheshimu kwa namna yao. Hawakuvitia katika masanduku tu, bali walivijenga katika majumba. Katika kuba za Msikiti mdogo wa Kuba huko Kilwa Kisiwani mabakuli yenye mpako wa kioo yalipachikwa katika chokaa, yakawa kama nyota juu ya vichwa vya wenye kusali. Katika makaburi ya mnara ya Mambrui na Kunduchi sahani za Uchina zilitiwa katika matumbawe. Katika nyumba za mawe za Lamu zidaka za ukuta zilipokea kaure. Matumizi haya hayakuwa ya Mwajemi wala ya Mchina. Mchina alikitengeneza chombo kwa ajili ya chakula. Mswahili alikipandisha ukutani kikawa pambo la nyumba na heshima ya marehemu. Hiyo nayo ni sanaa.

Lakini wachimbaji wa kwanza walipoviona vigae vinavyong'aa macho yao yalitiwa kiwi. Sir Mortimer Wheeler, alipotembelea pwani mwaka 1955, alisema kwamba historia ya Tanganyika ya karne za kati iliyofukiwa ardhini imeandikwa kwa kaure ya Uchina. James Kirkman, aliyechimba Gedi tangu mwaka 1948, aliandika mwaka 1964 kwamba magofu ya kihistoria ya Afrika ya Mashariki si mali ya Waafrika, bali ni ya Waarabu na Waajemi walioishi kama Waarabu. Neville Chittick, mchimbaji wa Kilwa na Manda, alielekea kuona kwamba Manda ilianzishwa na wageni kutoka Ghuba. Hawa walikuwa watu wenye elimu na bidii, nasi twawadai shukrani kwa kazi yao. Ila hoja iliyojengwa juu ya vigae vya kigeni ilikuwa na ufa: kitu kikiwa kigeni, ilidhaniwa kwamba na mwenye nyumba alikuwa mgeni.

Ufa huo ulifunuliwa na chungu. Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, tangu mwaka 1980 hata 1988. Alishuka tabaka baada ya tabaka mpaka akafika mwanzo wa mji katika karne ya 8, ambapo nyumba zilikuwa za miti na udongo na msikiti wenyewe wa miti. Tangu chini kabisa mpaka juu, sehemu kubwa sana ya vigae vilikuwa vya vyungu vya wenyeji. Vya ng'ambo vilikuwa vichache. Vyungu vya namna hiyo, vyenye mistari na pembetatu zilizochanjwa shingoni, vimeonekana kutoka pwani ya Kenya mpaka Msumbiji na visiwa vya Ngazija, na tena katika sehemu za ndani za Tanzania, mbali na bahari. Mji haukuletwa na jahazi. Uliota pale pale, ukapokea wageni ukiwa tayari umesimama.

Na hapa ndipo msomaji wa Mwamgongo apatapo jawabu lake. Vyungu vile vya pwani navyo vina wazee wao. Kabla yao kulikuwa na vyungu vinavyoitwa vya Kwale, kwa jina la mahali katika Kenya, vya karne za kwanza baada ya Kristo. Na nyuma ya hivyo kuna vyungu vya Urewe, vilivyofinyangwa katika nchi za Maziwa Makuu, Kagera, Rwanda, Burundi na pande za Nyanza, na wafua chuma na wakulima walioishi huko tangu karne za mwisho kabla ya Kristo. Wataalamu kadha, na miongoni mwao Felix Chami katika kitabu chake cha mwaka 1994, wameonyesha undugu wa vyungu hivi kutoka kizazi hata kizazi. Kwa hiyo chungu kilicholala karibu na bakuli la Mwajemi huko pwani ni jamaa wa mbali wa vyungu vya maziwa.

Lugha yashuhudia vilevile. Katika Kirundi, ndugu wa Kiha, kubumba ni kufinyanga udongo. Katika Kiswahili neno hilo hilo limekuwa kuumba, na kutokana nalo twamwita Mungu Muumba. Mswahili alipotafuta neno la kazi kubwa kuliko zote alilichukua kwa mfinyanzi. Maneno ya Kiajemi hayakukosekana: bandari, pamba na serikali yalitoka huko. Lakini hayo ni maneno ya biashara na utawala. Neno la asili ya vitu lilibaki la wenyeji.

Tena kando ya ziwa lenyewe udongo umeandika historia bila msaada wa mpako wa kioo. Mwaka 1967 J. E. G. Sutton na A. D. Roberts walichimba kwenye chemchemi za chumvi za Uvinza, kusini-mashariki ya Kigoma, wakaona kwamba chumvi ilitengenezwa huko tangu karne ya 5 au ya 6 hivi. Maji ya chumvi yalichemshwa vyunguni mpaka yakakauka, na chumvi ikachukuliwa mbali kwa biashara. Bakuli la Uajemi, zito na rahisi kuvunjika, halikuwa mzigo wa njia ndefu ya miguu. Hata biashara ya pwani ilipofika Ujiji katika karne ya 19, ambako Burton na Speke waliwasili Februari 1858, vilivyopita mikononi ni shanga na vitambaa. Atakayepima ustaarabu kwa vigae ving'aavyo peke yake ataona kwamba ukanda huu wote ulikuwa mtupu. Atakayesoma vyungu vya Uvinza ataona kiwanda na soko, kabla wafinyanzi wa Basra hawajatia bati katika mpako wao.

Yawezekana mtu akauliza: Kama Mwafrika aliliona bakuli la mng'aro miaka mingi hivyo, mbona hakujifunza kulitengeneza? Swali hili lina dharau ndani yake, lakini lina jibu la kazi. Chungu cha kupikia huwekwa juu ya mafiga, kikashikwa na moto chini na maji baridi ndani. Udongo uliochanganywa na mchanga na kuchomwa kwa moto wa wazi hustahimili misukosuko hiyo. Mpako wa kioo hupasuka. Tena mtungi usiopakwa hutoa jasho, na kwa jasho hilo maji hupoa. Mfinyanzi wa pwani, ambaye katika sehemu nyingi ni mwanamke, hakushindwa kuiga. Alijua kazi ya chombo chake. Wanawake wa Kikisi, kando ya Ziwa Nyasa, wamekuwa mashuhuri kwa ujuzi huo bila gurudumu wala tanuru.

Athari ya bakuli ilikuwapo, lakini haikuwa katika mpako. Huko Chwaka, kaskazini ya Pemba, mji uliokaliwa tangu karne ya 11 hata ya 15, wachimbaji wamekuta mabakuli yameongezeka, ya ng'ambo na ya kufinyangwa na wenyeji pia, katika zama zile zile ambapo wali ulikuwa chakula kikubwa. Bakuli pana hutaka watu wakae pamoja. Ni chombo cha karamu. Mwenyeji aliichukua desturi ya kuandaa, akaitilia udongo wake mwenyewe. Na katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, yamechongwa katika jiwe la matumbawe la pwani hii kwa mtindo unaokumbusha Siraf. Herufi zilisafiri; jiwe lilikuwa la hapa.

Haikubaliki pia kuangukia upande wa pili, tukasema kwamba Waajemi ni hadithi tupu. Habari za Kilwa zasimulia juu ya Ali bin Hasan aliyekuja kutoka Shiraz, na kwa muda wanachuoni wengi waliziona habari hizo kuwa ni fahari za koo tu. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya mifupa ya watu 80, wengi wao wa miji ya pwani, kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara, walioishi kati ya mwaka 1250 na 1800. Ilionekana kwamba wahenga wa watu wa miji hiyo walikuwa wa pande mbili. Waafrika walikuwa wengi wao wanawake. Walio wa Asia walikuwa wengi wao wanaume, na hasa Waajemi. Na kuchanganyika kwao kulianza kama mwaka 1000. Basi wazee wa Kilwa hawakusema uongo. Walitaja baba, wakasahau kumtaja mama.

Mama huyo ndiye mwenye chungu. Mgeni alikuja na bakuli lake, na jina lake, na nasaba yake iliyoandikwa. Akaoa katika nyumba ambamo moto ulikuwa umekwisha kuwashwa. Mtoto wao alilishwa kutoka chungu cha mama, na maneno ya kwanza aliyoyasikia mekoni yalikuwa ya lugha ya Kibantu, ndiyo maana leo twaandika Kiswahili wala hatuandiki Kiajemi. Historia iliyohesabu vigae ving'aavyo peke yake ilimwandika baba peke yake. Aliyeandikwa pungufu si mwanamke wa pwani tu, bali bara lote lililo nyuma yake, hata kando ya ziwa.

Yaliyopita hayawezi kubadilishwa, lakini usomaji wake waweza kusahihishwa, na sahihisho hili halimpunguzii Mwajemi sifa yake. Kazi za Abu Zayd ni nzuri, na mwanafunzi wetu apatapo nafasi ya kuziona katika jumba la makumbusho yapasa azitazame kwa heshima. Kisha na ateremke mpaka sokoni kwao, aangalie chungu na mtungi kabla plastiki na sufuria havijavimaliza. Aulize udongo huchimbwa wapi, huchanganywa na nini, mchoro wa shingoni huitwaje katika Kiha, na ni nani aliyemfundisha mfinyanzi. Ayaandike majibu pamoja na jina la fundi. Abu'l-Qasim aliandika kanuni za ukoo wake mwaka 1301, na kwa kurasa zile chache Kashan inasema nasi hata leo. Wafinyanzi wetu wanastahili kupata mwandishi wao, nao wangali hai.